Kijicho cha Chewa

Vijana wa mifugo mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Nimestaafu juzi tu, na mikono bado inatafuta kamba ya kufungia ndama kila asubuhi, basi bora iandike. Atakayetaka kujua nilipanda vyeo vipi na nililipwa nini akaulize ofisini. Huko kuna makabati yamejaa habari hizo, na hakuna hata kabati moja litakalokufundisha kumshika ng'ombe anayekataa kushikwa.

Nilianza kazi Karatu mwaka 1959, kijana wa Daa niliyetoka shule Mbulu. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Lohay, msaidizi wa mifugo aliyekuwa mkongwe kuliko jengo la ofisi yenyewe. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vyeusi, nimevipaka rangi mpaka vinameta. Aliviangalia, akaniangalia mimi, akasema, “Hivyo umewavalia ng'ombe?” Hakusema neno jingine mpaka saa sita. Jioni viatu vilikuwa na rangi ya udongo wa Karatu, nao udongo huo mnaujua, ukishaingia hautoki.

Vifaa vyetu vyote vilienea katika sanduku moja la mbao lenye mkanda wa kuning'iniza begani. Ndani yake mlikuwa na sindano za kioo za kuchemshwa, kipimajoto, chupa ya iodini, mafuta ya macho, chuma cha kutobolea tumbo la ng'ombe aliyejaa gesi, na pakiti za chumvi ya haluli kwa ng'ombe aliyefunga choo. Ninyi leo mna pikipiki na vitabu vyenye picha za rangi. Siwaonei wivu, isipokuwa pikipiki.

Lakini kifaa ambacho Mzee Lohay hakukiacha nyumbani kilikuwa kigoda. Tukifika kwenye boma, watu wakiwa wameshamfunga mnyama tayari kwa sindano, yeye aliwaambia wamfungue, akatua kigoda chake, akakaa. Mimi nikishafungua sanduku, nina haraka ya kuonekana nimesoma, naye ananiambia, “Kaa kwanza.” Tulikaa. Alimtazama mnyama akila, akinywa, akijikuna, akisimama na wenzake. Kule nyanda za juu za Ngorongoro Mmasai mmoja alichoka kungoja, akasema, “Huyu mzee anaangalia ng'ombe wangu kama anayechagua mchumba!” Boma zima likacheka. Mzee Lohay naye alicheka, ila hakuinuka.

Siku hiyohiyo ndipo nilipopata somo lililonifaa kuliko yote. Mtamba wa yule Mmasai alikuwa amevimba jicho, machozi yanamchuruzika. Nikashika mafuta ya macho. Mzee Lohay akaniuliza, “Jicho jingine umeliona?” Sikuwa nimeliona, maana mnyama alikuwa amenigeuzia upande mmoja. Tulipolitazama tulikuta ni zima. Basi akafunua kope la lile bovu, akatoa ncha ya mwiba wa mgunga. “Jicho moja, tafuta mwiba,” akaniambia tukirudi. “Macho mawili, tafuta maji na malisho. Mwiba hauingii macho mawili kwa siku moja, labda mnyama awe na bahati mbaya kama yangu.” Mzee huyo alikuwa amefiwa na wake wawili. Sikujua nicheke au nimpe pole, nikahamishia sanduku bega la pili.

Uhuru ukaja. Mzee Lohay akastaafu, akarudi kulima ngano na maharage, nami nikabaki peke yangu na sanduku. Watu wakaniita Bwana Mifugo, jina ambalo lilinifanya nitembee polepole kidogo. Ndipo asubuhi moja Sefu akanitumia salamu kwamba nifike dukani kwake, ana mgonjwa.

Sefu alikuwa mfanyabiashara wa Karatu mjini, kijana mwenzangu kwa umri. Babu zake walitoka pwani wakifuata biashara, wakaweka duka, yeye akaongeza tanuri la mikate na lori. Lori lilishusha kahawa ya Oldeani mpaka Tanga, likarudi na bidhaa. Katika safari hizo alimwona Salma, akamposa, akamleta Karatu kwenye baridi. Nyumbani alikuwepo pia dada yake Sefu, Bi Zuhura, mkubwa wake kwa miaka mingi. Alifiwa na mume, hakujaliwa mtoto, na wazazi walikuwa wametangulia mbele ya haki. Yeye ndiye aliyekanda unga wa mikate. Hakuwa na nyumba nyingine duniani ila ile ya mdogo wake.

“Mgonjwa yuko wapi?” nikauliza, nikidhani ni mbuzi. Sefu akanipeleka nyuma ya duka. Ukutani, upande ule unaopata joto la tanuri, kulikuwa na sanduku la kioo alilomnunulia mkewe kwa mlowezi mmoja wa Oldeani aliyekuwa akifunga virago. Ndani mlikuwa na maji, mawe, na samaki mmoja.

Alikuwa chewa mdogo, urefu wa kiganja, kahawia mwenye madoadoa. Hakuwa hata mzuri. Salma alikuja naye kutoka Tanga alipokwenda kumzika mama yake, akamleta ndani ya pipa la maji ya bahari nyuma ya lori. Jinsi alivyofika hai, Mungu ndiye ajuaye. Sefu alimtengenezea hadi upepo wa kuvuta. Aliujaza mpira wa ndani wa tairi kwa pampu ya baiskeli, akaubana mdomo, upepo ukawa unatoka kidogo kidogo kwa kimrija mpaka chini ya maji. Nimefanya kazi na wataalamu wengi baada ya hapo, na sijaona ufundi ulionifurahisha kama ule.

“Tazama jicho,” Salma akasema. Alikuwa binti mwembamba, amejifunika kanga mbili kwa baridi. Nikainama. Jicho la chewa lilikuwa limetokeza nje kama kifungo cha koti kinachotaka kukatika.

“Hiki ni kijicho, Bwana Mifugo,” akasema.

Sasa, mimi Kiswahili nimefundishwa darasani. Mwalimu wetu alituandikia ubaoni ki- ya udogo: kitoto, kijiti, kijicho. Nikamsahihisha kwa upole, “Hapana, shemeji. Kilikuwa kijicho. Sasa limeshakuwa jicho kubwa.”

Sefu akakohoa. Salma alinitazama kwa muda mrefu, asijue kama namfanyia mzaha. Na Bi Zuhura, aliyekuwa akikanda unga pembeni, akainamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Nilidhani analia. Baadaye sana nikajua kwamba alikuwa anakufa kwa kicheko.

Sefu akanivuta mlangoni kunielimisha. “Kijicho ni husuda, ndugu yangu. Salma anasema dada amemwonea husuda samaki. Na kama si husuda, basi amemchoma na kijiti chake cha kufutia kioo. Ameapa, hakai tena naye nyumba moja. Keshokutwa lori linashuka Tanga. Ama aondoke yeye, ama aondoke dada.”

“Dada aende wapi?”

“Kuna shangazi yetu wa mbali huko. Hata sijui kama yu hai.” Akajifuta uso. “Nimwambieje mke wangu? Ndiyo kwanza kamzika mama yake. Wewe tazama, useme kilichomsibu samaki. Wote watakusikiliza.”

Nilirudi ndani nikiwa na mzigo ambao sikuuzoea. Ng'ombe nikimkosea, hasara ni ya ng'ombe na mwenyewe. Hapa nilikuwa nimeitwa kutibu samaki, na aliyekuwa akihukumiwa ni mjane. Nami nilikuwa nimeona jicho moja tu. Jicho moja, tafuta mwiba, na kijiti cha Bi Zuhura chenye kitambaa nchani kilikuwa pale pale, kimeegemea ukuta. Sikukipenda hata kidogo.

Nikaomba kigoda. Salma akauliza, “Humtibu?” Nikamwambia, “Nakaa kwanza.” Chewa alikuwa amejibanza kwenye jiwe, ubavu mmoja kwetu, mwingine umeelekea ukutani. Hukuwa na pa kupitisha kichwa umwone upande wa pili. Basi nikaomba kipande cha nyama mbichi, nikakidondosha kwenye kona ya mbali, nikangoja. Wateja wakaingia na kutoka. Habari ikafika mtaani kwamba Bwana Mifugo amekaa anamtazama samaki, wakaja wengine wasionunua kitu. Njaa ikamshinda chewa. Akageuka, akaenda zake kwenye nyama, na hapo nikaliona jicho la pili. Nalo lilikuwa limetokeza, si sana, lakini limetokeza.

“Macho yote mawili,” nikasema kwa sauti. Moyo uliniruka kwa furaha, nadhani ilionekana. “Hapa hakuna mtu aliyechoma kitu. Ni maji.”

Nikachovya kidole nikaonja. Nyuma ya duka lilikuwepo pipa la maji ya bahari ya akiba, lilikuja na lori safari iliyopita, nikaenda nikaonja na hilo. Mimi mtu wa Daa sikuwa nimewahi kuiona bahari, ila siku ile niliinywa. Maji ya pipa yalikuwa ya chumvi, basi. Ya kwenye kioo yaliuma ulimi, na nyuma ya ukali ule kulikuwa na utelezi ninaoujua tangu nikichunga ndama wa baba. Ilikuwa ile chumvi ya ng'ombe ya Ziwa Eyasi, yenye magadi ndani.

“Maji haya yamezidi ukali,” nikasema. “Kuna kitu kimetiwa.”

Nilidhani nimemwokoa Bi Zuhura. Salma akamgeukia. “Mmesikia? Si nilisema mimi! Sasa kamtilia na kitu!” Bi Zuhura akaacha kukanda. Alimtazama Salma, akamtazama mdogo wake, akarudisha mikono kwenye unga. Sefu alikuwa anaiangalia mizani ya dukani kana kwamba ndiyo kwanza ameletewa.

Nikamwambia Sefu twende ghalani. Huko, katikati ya magunia, nikamuuliza, “Maji yakipungua kwenye kioo, nani anaongeza?”

“Mimi.”

“Unaongeza nini?”

Akasema chini kwa chini, “Maji ya bomba. Na chumvi. Kila alfajiri nikiamka kuswali natia konzi moja ya ile ya ng'ombe ninayouza, kabla Salma hajaamka. Alisema maji yameacha kunuka kama bahari ya kwao. Nikataka yanuke. Na maji yakipungua, chumvi si imepungua nayo?”

“Sefu, mchuzi ukikauka jikoni, chumvi inapungua au inazidi?”

Alifikiri. Niliona lilivyomwingia, akakaa juu ya gunia. “Astaghfirullah,” akasema. “Namuua mwenyewe.” Halafu akanishika mkono. “Bwana Mifugo, sema ni baridi. Baridi ya Karatu inaua kila kitu, na haina ndugu wa kuona aibu.”

“Baridi ilikuwepo tangu samaki anafika, na ukuta wenu una moto. Mkeo si mjinga. Mimi nitatibu samaki. Hilo jingine dawa yake iko mdomoni mwako. Lakini nakuambia, lori likiwashwa na dada yako yumo, na wewe hujasema, nitasema mimi.”

Aliitikia kwa kichwa. Nami nilimhurumia kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa kumwambia mke wake kwamba kosa limetokana na kumpenda, na sijui wangapi kati yetu tungekimbilia kulisema.

Matibabu nitayaeleza vizuri, maana ndiyo mliyoomba. Jicho lililotokeza hivi halitobolewi wala halibanwi, liwe la samaki au la mbuzi. Mafuta ya macho niliyaacha sandukuni, maana ndani ya maji yangeelea tu. Nilichofanya ni kutoa maji makali kidogo, nikatia ya pipa kidogo, tena na tena kwa vipindi, asubuhi na jioni, ili mnyama asishtuke. Nikachora alama kwenye kioo kwa mkaa, nikasema maji yakishuka chini ya alama waongeze maji matamu matupu, yaliyochemshwa yakapoa. Tukafunika kioo kwa kanga apate kiza cha kupumzika. Kisha nikatoa chumvi ya haluli, inayosaidia kuvuta uvimbe, nikapima kijiko.

“Chumvi tena?” Sefu akaruka.

“Chumvi zote si ndugu,” nikamwambia. Hakucheka.

Salma alishika mrija wa kunyonyea maji, na mkono wake ulikuwa mtulivu, angefaa kazi yetu. Bi Zuhura akaleta ndoo. “Iache hapo, usisogee,” Salma akamwambia bila kumtazama. Bi Zuhura akaiweka chini pole pole, isimwagike hata tone, akarudi kwenye tanuri. Kesho yake nilipofika jioni ilikuwa vilevile. Sefu hakuwa amesema. Macho ya chewa hayakuwa yamepungua, wala sikutegemea yapungue upesi. Lakini si mimi niliyekuwa na haraka.

Asubuhi ya lori nilifika mapema. Kahawa ilikuwa imefungwa juu, dereva anapasha injini moto, na Bi Zuhura ameshakaa mbele, baibui lake limenyooka, mikono mapajani. Sefu amesimama kando ya gurudumu. Salma yuko kizingitini.

“Wifi,” Bi Zuhura akasema kupitia dirishani, “Mungu amponye samaki wako. Unga wa kesho nimeshauchekecha.”

Hilo la unga ndilo lililonichoma. Nikafungua mdomo niseme, na Sefu akanitangulia. “Zima gari!” akapiga kelele, mpaka dereva akalizima kwa kushtuka.

“Salma, ni mimi,” akasema.

“Ni wewe nini?”

“Chumvi. Nimemtilia mimi, kila alfajiri. Ulisema maji hayanuki kama kwenu. Nikataka yanuke, ufurahi. Sikujua. Dada hajagusa kitu.”

Nilimwona Salma akitafuta pa kuweka mikono. Hatimaye akauliza, taratibu kabisa, “Na ukamwacha dada yako apande lori?”

Sefu alikuwa analia, mwanamume mzima, barabarani Karatu, na watu wanapita kwenda sokoni. Jibu lilikuwa limekaa dirishani.

“Nilimwona,” Bi Zuhura akasema.

Wote tukageuka.

“Kila alfajiri nilimwona akinyata na konzi yake. Nikadhani ni dawa ya mapenzi. Nikasema, huyu mdogo wangu amekwenda kwa mganga ili mkewe asimkimbie. Nikilitoa hili, binti wa watu ataondoka kweli, na yeye atabaki na mimi hapa tukitazamana. Bora niende mimi. Mimi kuhama nimezoea.”

Salma alishuka kizingitini. Alitembea mpaka kwenye lori, akafungua mlango, akapandisha kanga yake, akapanda. “Sogea, wifi,” akasema. Bi Zuhura akasogea. Salma akafunga mlango.

“Unakwenda wapi?” Sefu akauliza.

“Tanga. Tunakwenda kuchota maji ya bahari, na kumwona huyo shangazi kama yu hai. Wewe utakanda unga. Upepo wa samaki ukipungua, pampu unaijua.” Akamwambia dereva awashe. Lori lilipoanza kusogea, akatoa kichwa dirishani. “Na usimtilie kitu!”

Sefu akasimama katikati ya vumbi mpaka lori likapotea upande wa Mto wa Mbu. “Bwana Mifugo,” akaniuliza, “watarudi?” Nikamwambia mimi ni mtu wa ng'ombe, nikakunja mikono ya shati nimsaidie mikate, ambayo siku zile Karatu iliila kwa uvumilivu.

Jicho la kulia la chewa lilirudi mahali pake. La kushoto lilinywea likabaki na ukungu, hakuona nalo tena, akazoea kuifuata nyama kwa upande mmoja. Lori liliporudi, lilikuwa na mapipa ya maji nyuma, na mawifi wawili mbele. Walishuka wameshikana mikono, wanacheka kwa jambo la huko njiani, wanacheka mpaka Bi Zuhura akakaa chini kwenye ngazi ya duka. Sefu akauliza wanacheka nini. Hawakumwambia, wala siku hiyo, wala mpaka anakufa.